Aliyebaki Ndani ya Diski

Jioni ile nilipeleka diski tupu kwenye karakana ya mkaza mwana wangu. Ndiyo, mimi na ulimi wangu huu, siku hizi natumwa. Marehemu mwanangu alimwachia mkewe ufundi wa kompyuta. Mimi akaniachia mkewe.

Mkaza mwana alikuwa akitengeneza diski ya kuwashia kompyuta kuukuu za zahanati, zile ambazo ndani zimeshakufa, lakini ukizitia diski zinaamka. Zisingewaka asubuhi, kazi ingekwenda kwa fundi mwingine na karakana ingefungwa.

Nimeishia darasa la saba, ila alinieleza nikaelewa. Ndani ya kompyuta unajenga nyumba ndogo. Unaingia, unatupa usichotaka, unaweka unachotaka, unatoka, unafunga mlango. Kisha nyumba nzima unaihamishia kwenye diski.

Mara tatu mlango ulikataa kufungwa. Kompyuta ilidai kuna mtu bado yumo.

Nikamwambia labda kajisahau mwenyewe humo, fundi wa kujifungia ndani. Hakucheka. Akaiuliza kompyuta ni nani. Ukatokea mstari mmoja.

Jina la mwanangu.

Akanong'ona kwamba jina hilo hakuliandika popote, na kompyuta yenyewe kainunua mwezi uliopita. Mwanangu ana miezi minane kaburini.

Akanisomea yaliyofuata. Anasubiri... tangu Jumatano, saa kumi na dakika ishirini.

Ndipo nikasikia harufu. Mafuta ya mikaratusi, yale niliyokuwa nikimchua nayo kifuani.

"Mama, Jumatano ile aliyofariki, saa kumi na dakika ishirini kulikuwa na nini? Wewe ndiye uliyekuwepo."

Nilikuwepo. Saa hiyo mwanangu aliuliza mkewe yuko wapi. Nikamjibu yuko njiani, amsubiri. Uongo mtupu. Hata simu sikuwa nimempigia. Nilitaka afie mikononi mwangu peke yangu, kwa wivu wa kijinga wa mama mkwe.

"Sikumbuki," nikasema.

Kiti kitupu cha pembeni kikalia... krii... kama mgonjwa anayegeuka.

Akasema njia ni mbili: kumngoja atoke, au kufunga naye humo humo. Akanitazama. Ukweli wangu ungemtoa, nilijua.

"Funga."

Diski ikatoka ya moto. Akairudufu mara kumi na mbili, moja kwa kila kompyuta.

Sasa zahanati wanalalamika. Kila asubuhi kompyuta zote zinagoma, vioo vyeusi, mpaka mkaza mwana aitwe. Akivuka kizingiti tu zinawaka kwa pamoja, hajagusa hata moja. Wauguzi wanasema kazitega makusudi ili asiachwe. Daktari kamwambia mwisho wake Ijumaa.

Leo asubuhi alikuwa akivaa viatu, macho yamemvimba.

"Mama, mimi nimekosa nini?"

Nikamwambia awahi, anasubiriwa.