Alhamisi Niliyoinyima Injini Maji

"Usijichoshe, shemeji. Hiyo ni maiti tangu Jumatano."

Hilal aliniambia maneno hayo nikiwa nimeshika kamba ya injini ndogo, tumbo limebana ukingo wa boti. Injini kubwa ilikuwa imezima. Mkondo ulikuwa unatutoa ufukweni na kutusogeza kwenye njia ya meli. Meli ya mafuta, ndefu kuliko mtaa wetu mzima, ilikuwa inakuja. Mbele ya boti mjukuu wangu Afra, wa miezi mitano, alikuwa analia hadi sauti inakatika.

Nikaacha kuvuta.

Tangu Jumatano?

Wanangu, mimi Jumatano sikuwepo nyumbani. Nilikuwa msibani tangu asubuhi hadi magharibi. Injini ile hukaa uani kwangu, imefunikwa shuka langu mwenyewe. Hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa.

Sasa huyu mtu kajuaje kwamba imekufa tangu Jumatano...?

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, mjue tulifikaje pale.

Mimi ni mtu wa kijiji cha Kumzar. Kwetu mlima uko mgongoni na bahari iko usoni, na barabara hakuna. Ukiugua, boti. Ukiolewa, boti. Joto likipamba moto na tende zikiiva, kijiji kizima kinapakia mbuzi, magodoro na watoto, kinahamia mjini Khasab mpaka mavuno yaishe.

Marehemu mume wangu Zayid alikuwa na msemo mmoja tu wa baharini: injini moja ni dua, injini mbili ni safari. Ile kubwa ya kukimbilia, na ile ndogo ya kurudia nyumbani.

Miaka yake ya mwisho macho yalimwacha. Mikono ikawa yangu. Alikaa kwenye kigoda akisikiliza, mimi nikifungua. Alinifundisha kutoa plagi, ile inayotoa cheche ya kuwashia, kuifuta na kuirudisha bila kuikaza kupita kiasi. Nikikosea hakufoka. Alisema, "Rudia, mke wangu, bahari haina haraka na sisi leo."

Kila Alhamisi alasiri tuliifunga injini ndogo kwenye gogo la mtende, mguu wa injini ndani ya pipa la maji matamu, tukaiwasha. Dakika kumi. Tulitazama kile kichirizi cha maji kinachotoka pembeni, ndicho kinachokuambia kwamba inapoa. Kisha tukachomoa mpira wa mafuta na kuiacha inywe yaliyobaki hadi izime yenyewe, petroli isije ikaganda ndani. Chumvi inatoka, grisi inapakwa, shuka linarudishwa.

Zayid alipofariki, nikaendelea peke yangu. Boti akaishika mdogo wake Hilal, kwa kuwa mwanangu Obeid anafanya kazi mbali, Salala.

Hilal hakunipenda. Aliniita "fundi wa pipa" mbele ya wanaume wenzake. Alisema injini ile inakula nafasi ya mbuzi wawili. Mwaka mzima alitaka kuiondoa, na mwaka mzima nilimwambia aanze kuniondoa mimi.

Lakini vita vyangu vikubwa havikuwa na Hilal. Vilikuwa na mke wa Obeid, Wadha.

Wadha ni binti wa Khasab, kakulia penye bomba. Kwetu maji matamu yanapimwa kwa ndoo. Siku moja, Afra akiwa na mwezi mmoja, alinikuta namimina ndoo ya pili kwenye pipa. Akasema, hata hakupaza sauti:

"Nyumba hii injini inaoga maji matamu, mimi naosha nepi kwa maji ya bahari."

Nami nikamjibu neno ambalo hadi leo likinijia usiku nageuka ubavu.

"Injini hii ilimrudisha baba wa mumeo akiwa hai. Wewe umetuletea nini?"

Alikuwa amempakata mtoto, wanangu. Mwezi mmoja tu. Akanitazama, akamtazama mtoto, akaingia ndani.

Miezi minne hatukusemeshana. Ndani ya nyumba moja. Kila alfajiri nilikuta kikombe cha kahawa kimefunikwa mlangoni kwangu, na tende tatu pembeni. Kahawa nilikunywa. Shukrani sikutoa. Nilijiambia anafanya hivyo ili majirani wamsifu.

Alhamisi ya mwisho kabla ya safari, nilitoka na ndoo zangu kama kawaida. Nikamkuta Wadha amesimama kando ya pipa, mtoto begani, ananitazama tu. Haondoki.

Nikajua kaja kunihesabia maji.

Nikageuza ndoo zote mbili, nikayarudisha maji kwenye tangi. Nikasema na ukuta, kwa sauti ya kusikika, "Leo injini haiogi. Kunyweni nyote mshibe."

Alifungua mdomo. Sikumngoja, nikaenda zangu.

Ndiyo Alhamisi pekee niliyoiacha tangu Zayid afe.

Jumamosi tukaondoka. Boti zingine zilikuwa zimeshatangulia alfajiri. Sisi tulichelewa kwa sababu ya mbuzi wa Hilal, aliowaongeza hadi hakuna pa kuweka mguu. Nilimwona anajaza tangi la injini kubwa kutoka kwenye pipa la zamani la petroli ambalo mfuniko wake ulipotea tangu mwaka jana. Nikamwambia achuje, pipa lililokaa wazi hunywa umande, na maji huzima injini. Akajibu kwamba yeye anaendesha boti tangu mimi sijajua mbele ya boti ni wapi.

Nikaifunga injini ndogo nyuma ya boti. Nikapandisha dumu langu dogo la njano, petroli yangu niliyoichanganya na oili ya injini ndogo. Akalitazama, akacheka. Wadha akapita kati yetu bila neno, akaenda kukaa mbele.

Tulipopita rasi, injini kubwa ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Hilal akaiwasha mara ishirini. Akatukana kiwanda, akamtukana aliyemuuzia mafuta, akawatukana hata mbuzi. Simu yake nyuma ya mlima ule haikushika mtandao. Nami nikaishusha injini ndogo majini, nikaunga mpira wa dumu langu, nikavuta kamba.

Hapo ndipo aliponiambia habari ya Jumatano.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

Akatazama pembeni.

"Hilal. Nimekuuliza."

"Nilimleta mtu aitazame," akasema. "Tubadilishane na friza lake la samaki. Akavuta kamba, haikuwaka. Akasema pistoni imekwisha. Kaniona tapeli mbele ya watu."

"Kwa hiyo ulijua haiwaki."

"Ni safari fupi, shemeji."

"Ulijua haiwaki, ukatupakia na mtoto."

Akaja nyuma, akaanza kulegeza vishikizo vya injini ndogo. Alisema tuitupe, boti iwe nyepesi, tupige kasia. Mbuzi wake hakuwataja.

Nikaikalia, wanangu. Mwili wangu wote juu ya injini, kama kuku juu ya mayai. Nikamwambia akitaka kuitupa atutupe wawili.

Meli ikapiga honi. Sauti ile huisikii kwa masikio, unaisikia kwa meno.

Nikavuta tena, polepole, nisikilize kwa mkono kama Zayid alivyonifundisha. Na nikagundua jambo. Kamba ilikuja laini. Laini kama uzi wa kufuma. Injini nzima hukuvuta nawe unavyoivuta. Hii haikuwa na pumzi kabisa.

Nikafunua kofia yake.

Tundu. Waya umechomekwa pale juu vizuri, kana kwamba kuna kitu chini yake. Lakini chini yake hakuna plagi.

Haikuwa imekufa. Ilikuwa imeibiwa roho!

Nikamgeukia Hilal, nikamwambia maneno ambayo bibi hapaswi kuyaandika hapa. Akaapa kwa kaburi la kaka yake kwamba hata kofia hakuifungua, akaenda kujiinamia kati ya mbuzi wake. Ajabu ni kwamba nilimwamini. Hilal hajawahi kufungua kofia ya injini yoyote maishani mwake.

Basi ni nani?

Nikatazama mbele. Wadha alikuwa amemlaza mtoto katikati ya magodoro, yeye yuko kwenye magoti, anafukua mizigo. Anarusha magunia, anasukuma mbuzi kwa kiwiko. Nikasema moyoni, tazama, sisi tunakufa, yeye anatafuta dhahabu zake.

Akatoa kopo la unga. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Akatoa soksi ya Afra, ile ya kijani niliyoifuma mwenyewe kabla mtoto hajazaliwa.

Akaja nayo akipepesuka juu ya mbuzi, mkono mweupe kwa unga, akaniwekea kwenye kiganja.

Ndani yake kulikuwa na plagi. Safi. Imepakwa samli isishike kutu.

"Niliitoa Jumanne, Mama," akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya miezi minne. "Nilimsikia akipanga na mtu wa friza. Nikaona isipowaka hataichukua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza?"

Nikaifuta plagi samli kwa upindo wa kanga.

"Nilikuwa nangoja Alhamisi," akasema. "Nilijua utaifungua. Nikasimama pale penye pipa makusudi, ukiona tundu nikupe. Ukarudisha maji ukaondoka, nami nikasema nitakupa Khasab."

Wanangu, mawimbi yalikuwa yanatupiga, lakini kilichonilowesha uso si bahari.

Spana yangu siku za safari hukaa kwenye fundo la kanga. Kwa haraka yangu plagi ikakataa kushika njia yake, mara moja, mara mbili. Wadha akaufunika mkono wangu kwa mkono wake wenye unga.

"Rudia, Mama," akaniambia. "Polepole."

Maneno ya Zayid, wanangu. Kumbe tangu aolewe, Zayid akiwa hai, Wadha alikuwa dirishani, anasikia.

Ikashika. Nikakaza. Nikarudisha waya. Kamba sasa ikanivuta nami nikaivuta. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, moshi. Mara ya tatu...

Ikaguna, ikashika, na kile kichirizi chembamba cha maji kikatoka pembeni.

Nikashika usukani wa injini mwenyewe. Tulikwenda mwendo wa kobe, na huo ulitosha kutoka kwenye njia. Meli ikapita, ukuta mwekundu usioisha, mawimbi yake yakaturusha hadi mbuzi wakalala wenyewe bila kuambiwa. Hilal alikaa katikati yao, kichwa kwenye magoti. Baada ya muda akavua kilemba chake, akakichovya majini, akampelekea Wadha amfunike mtoto kichwa kwa jua. Sikumsamehe. Lakini nililiona, na nikiliona jambo husema.

Safari ya saa moja na nusu ilituchukua saa tano. Dumu la njano lilibaki na mafuta ya kulowesha kidole.

Tulipofika Khasab, wanaume walikuwa wamejaa ufukweni, wametuhofia. Hilal kugusa mchanga tu, rangi ikamrudia. Nikamsikia anawaeleza jinsi injini kubwa ilivyozima, na jinsi yeye alivyoifufua ile ndogo katikati ya bahari.

Mimi nilichoka, ningemwacha aseme.

Wadha hakuchoka. Akasogea katikati ya watu, mtoto kiunoni, akainua ile soksi ya kijani.

"Ami Hilal," akasema kwa upole kabisa, "waambie basi plagi ilikuwa wapi."

Akatazama soksi. Akatutazama. Hakujua, wanangu. Alijua kuna kitu kilikosekana, lakini ni kitu gani na kilitoka wapi hakujua, maana hata tulipokuwa tunakirudisha hakuinua kichwa atazame.

Kicheko kile bado kiko Khasab, ukipita sokoni utakikuta.

Nimewaandikia haya si kwa ajili ya Hilal. Hilal yuko vilevile, ananuna na anatafuta friza. Nimewaandikia kwa ajili yangu mimi, niliyejaribu injini kila wiki kwa miaka, lakini mkwe wangu sikumjaribu hata kwa salamu. Kitu cha akiba usikiache bila kukiwasha. Na ukikasirika, kasirika, ila Alhamisi yako usiiache. Mjukuu wangu angezama kwa sababu ya ndoo mbili nilizozirudisha kwa hasira.

Siku hizi ndoo ya kwanza ni ya nepi za Afra. Ya pili ni ya pipa. Wadha ndiye anayevuta kamba, mkono wake una nguvu kuliko wangu. Mimi nakaa kwenye kigoda cha Zayid, mtoto mapajani, nasikiliza.

Alfajiri kahawa ipo mlangoni, na tende zake tatu. Nabisha mlango wake kwanza, namwambia ahsante, ndipo nainywa. Wakati mwingine inakuwa imeshapoa. Nainywa hivyohivyo.