Herufi Tatu kwenye Rafu ya Wasifu

Jua lilikuwa linazama Mysuru nilipokaa kwenye kompyuta kumalizia rekodi chache za vitabu kabla maktaba haijafungwa. Namba ya rafu ina sehemu tatu: namba ya somo, herufi tatu za jina, kisha mwaka. Kwa vitabu vya wasifu, namba 920, herufi hutoka kwenye jina la anayesimuliwa, si la mwandishi. Kati ya sehemu na sehemu, nafasi moja.

Rekodi ya mwisho ilikuwa imeshikana. 920GIR, na mwaka huu.

Girija ni mimi.

Haikuwa na jina la kitabu wala mwandishi. Nikaifuta.

Ikarudi.

Harufu ya kafuri ikapita, kama kwenye nyumba yenye maiti... Jumatatu iliyopita niliona NAN. Nilidhani ni kosa tu, nikaiwekea nafasi vizuri. Jumanne Mzee Nanjunda, mpanga vitabu wetu, akaanguka kutoka kwenye ngazi. Hakuamka.

"Basava," nikamnong'oneza mwenzangu aliyekuwa akifunga madirisha. "Ni wewe unayechezea rekodi?"

"Mimi tena, dada? Hapa hata kijiko cha chai kikipotea, ni Basava."

"Geuka unitazame."

Hakugeuka.

"Ilikuwa BAS," akasema. "Alhamisi. Nimefuta mara tisa. Haifutiki, dada, inakubali kubadilishwa tu. Nina watoto wawili."

"Ukaniandika mimi."

"Ulikuwa umekaa mbele yangu. Sikuwa na jina lingine kichwani."

Nimelifikiria sana neno lile. Bado sijapata la kumlaumu nalo.

Kwenye rafu ya wasifu kitu kikakwaruza mbao. Polepole. Kama mtu anayesogeza vitabu apate pengo...

Nikatafuta herufi zisizo na mwenyewe. UGY. Nani mjini kwetu ana jina linaloanza hivyo? Nikaandika. Nafasi. Mwaka. Nikahifadhi.

Kimya.

Kafuri ikatoweka. Nikaenda nyumbani, nikala, nikalala.

Asubuhi mwanamke wa Kitibeti alisimama mbele ya meza yangu, mtoto mgongoni. Alitaka kadi ya msomaji.

"Jina lako, mama?"

"Ugyen," akasema akitabasamu. "Tumehamia juzi tu."

Nyuma yangu Basava akaacha kugonga mihuri.

"Dada," akanong'ona, "mwambie leo hatuandikishi."

Vidole vyangu vilikuwa vimeshafika herufi ya tatu.