Nani Atanisindikiza

Watu wa Fisksätra, kitongoji cha Stockholm, waliomfahamu Fidèle watakuambia jambo moja kwanza: yule bwana hakuwahi kumuaga mgeni mlangoni. Mswidi ukimtembelea, mnapeana mkono kizingitini, mlango unafungwa, basi. Fidèle hakuweza hayo. Alivaa viatu, akakushusha ngazi, akakufikisha stesheni, na mazungumzo yakiwa matamu alipanda nawe treni mpaka Slussen, katikati ya jiji. Kuna siku alimsindikiza rafiki yake Emery mpaka huko, Emery naye akaona aibu akamrudisha Fisksätra, wakaenda hivyo huku na huku mpaka mkewe Veneranda akapiga simu kuuliza kama wamehamia kwenye treni.

"Mgeni mwenyewe ndiye ananiambia rudi," Fidèle alikuwa akijitetea. "Hajasema, namwachaje njiani?"

Veneranda alikuwa akimcheka. Yeye ni wa Bukoba, Fidèle wa Uvira, na walikutana katika darasa la Kiswidi la wageni, wote wawili wakiogopa mwalimu. Walijaliwa mtoto mmoja, Christelle. Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka minane. Kiswahili alikielewa chote, ila kukiongea, hathubutu. Ukimwita "njoo ule," anajibu kwa Kiswidi. Ukimuuliza kwa Kiswahili, Kiswidi. Jambo hilo lilimuuma mama yake hadi akalifanya ombi la kila siku, magoti chini, kwamba Mungu ampe mtoto ulimi wa nyumbani. Mwenzangu, kuna maombi mengine afadhali yasisikike.

Julai ya 2011 walinunua gari la kulala, lile ambalo Waswidi huliita husbil: jiko, meza na vitanda humo humo ndani. Lilikuwa kuukuu, la mzee mmoja wa Vällingby aliyechoka kuendesha. Fidèle alikuwa dereva wa basi, lakini usukani wa gari lile ulimfanya atabasamu peke yake. Mpango wake ulikuwa kuwaachia watalii Paris na Roma, wao waende kwenye vimiji ambavyo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuvikanyaga. Wakapanda meli Nynäshamn, wakashukia Latvia. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Vibibi vilivyofunga vilemba viliwauzia jordgubbar, yale matunda mekundu anayoyapenda Christelle, na vikamshika mtoto nywele kwa mshangao.

Siku ya tisa, saa saba mchana, waliegesha kando ya mto katika kimji ambacho Veneranda hataki kukitaja hata leo. Jua linawaka, maduka yamefungwa, barabarani hakuna hata paka. Fidèle alichukua ndoo akaenda kutafuta maji. Christelle alikuwa kitanda cha juu na kitabu chake. Veneranda alikuwa anasonga ugali kwa mwiko wa mninga aliopewa na mama yake siku anaondoka Bukoba. Ugali ulishafika pale pagumu, pale ambapo ukiuacha kidogo tu unaungua.

Mlango ukagongwa mara mbili.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamke.

"Karibu!" Veneranda akajibu bila kugeuka. "Pita ndani, chakula tayari."

Nani kwetu angefanya vinginevyo? Umelelewa hivyo, neno linatoka lenyewe. Ngazi ya gari ikalia. Gari likainama upande wa mlango, vile linavyoinama mtu mzito akipanda. Veneranda akageuza ugali mara moja, mara mbili, ndipo akili yake ikamfikia. Hapa ni Latvia. Nani hapa anajua kubisha hodi?

Akageuka. Mlango ulikuwa wazi. Mtu hakuna. Na gari lilibaki limeinama vile vile.

Fidèle aliporudi na ndoo, alicheka. "Labda Mkenya anatalii kama sisi." Akalizunguka gari, akapiga kelele "We dada!" mpaka ng'ambo ya mto. Kimya. Wakakaa kula. Christelle akashuka kitandani, akapita kiti chake, akaketi cha baba yake. Siku zote mtoto huyo ugali alitaka uma. Siku hiyo alinawa mikono, akamega tonge, akachovya, akala mpaka sahani ikang'aa. Akasukuma sahani mbele. Akaongezewa. Akasukuma tena.

Asubuhi yake Veneranda aliamka akamkuta Christelle amekaa kitako, mikono mapajani, anamtazama. Alikuwa anasubiri.

"Umelala vizuri, mama?"

"Mbona huniamkii?" mtoto akasema.

Kwa Kiswahili. Kiswahili kilichonyooka, cha polepole, cha mtu mzima. Veneranda alimtafuta Fidèle kwa macho, na Fidèle alikuwa ameshika kikombe hewani, hakinywi, hakiweki. Macho ya mtoto hayakupepesa. Na yule mama, Mungu amsamehe, akafungua mdomo akamwambia mtoto wake wa miaka minane:

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Walirudi Stockholm siku ile ile walipopata meli. Fidèle aliliegesha gari chini ya maghorofa, mahali tambarare kabisa, na bado likawa limeinama. Akatazama magurudumu, akatazama springi. Vyote vizima.

Walihangaika jamani. Daktari alimpima mtoto damu, akasema damu safi, ila amepungua kilo sita, je, anakula? Anakula! Anakula kuliko baba yake. Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa lugha ya nyumbani, Mkenya aitwaye Norbert, alipiga simu kwa furaha. "Mama Christelle, hongera! Anaongea kama nyanya yangu." Kisha akasitasita. "Ila leo amekataa kuanza somo mpaka nimwamkie." Veneranda akakata simu, akakaa sakafuni jikoni akalia. Pélagie, rafiki wa Veneranda, na kikundi chake cha maombi walitoka Norsborg, upande wa pili wa jiji, wakakesha wakikemea hadi sauti zikawakauka. Mtoto alikaa kwa adabu tangu mwanzo mpaka mwisho. Walipomaliza alisema "Amina," akaomba chai.

Siku moja ya Septemba, Veneranda alikuwa anamsuka. Kichwa kilikuwa chepesi mno mikononi mwake, na mifupa ya shingo inahesabika. Mara ikatoka sauti nyingine, ndogo, ya chini kabisa. Sauti ya Christelle.

"Mamma," ikanong'ona kwa Kiswidi. "Hon sitter på mig."

Mama, amenikalia.

Veneranda alimgeuza haraka, akamshika mashavu. "Niko hapa! Christelle! Mama yuko hapa, usiende!" Yale macho yalikuwa ya mwanawe kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha yakatulia. Yule mwingine akarekebisha kanga begani.

"Maliza kusuka," akasema.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mgeni alisukuma sahani, akafuta mdomo. Safari hii hakuisukuma mbele. Aliisukuma pembeni.

"Nimeshiba," akasema. "Mmenipokea vizuri. Sasa naondoka."

Akatazama huyu, akatazama yule.

"Nani atanisindikiza?"

Veneranda alikuwa ameshafungua mdomo. Angekwenda yeye, angekwenda hata bila viatu, yeye ndiye aliyesema karibu. Lakini Fidèle alikuwa amesimama tayari na funguo mkononi.

"Mimi," akasema. "Kazi hiyo ni yangu siku zote. Wewe baki na mtoto."

"Fidèle, usiende."

"Namfikisha tu. Akisema rudi, narudi." Akajaribu kutabasamu. Akamshika mkewe kisogoni, akambusu kwenye paji la uso. Akatoka na mlango akauacha wazi, kumpisha mtu apite kwanza.

Christelle akaanguka mezani. Veneranda alimkumbatia kwa mkono mmoja, akamburuta mpaka dirishani. Chini, Fidèle alifungua mlango wa abiria, akasubiri, akaufunga. Akazunguka, akapanda. Gari likainama upande wa kile kiti. Mchana kweupe. Likatoka.

Mtoto alifumbua macho akasema kwa Kiswidi kwamba ana njaa. Veneranda alilia mpaka majirani wakaja.

Jioni Fidèle alipiga simu kutoka Nynäshamn. "Hajasema," akanong'ona. "Nadhani anataka nimrudishe pale mtoni." Keshokutwa yake akapiga kutoka mtoni. "Tumepita. Ameniambia twende mbele kidogo."

Mbele kidogo. Alipiga kutoka Biržai, Lithuania. Alipiga kutoka Reszel, huko Poland. Akapiga kutoka Levoča, Slovakia, akasema kuna kanisa refu na mvua. Miji ile midogo aliyotaka sana kuiona, sasa aliitaja kama mtu anayesoma majina ya msiba. Kila mara Veneranda alimuuliza swali lile lile, na jibu likawa lile lile.

"Amekuambia rudi?"

"Bado."

"Mwache! Shuka, kimbia!"

"Nikimwacha njiani, Vene, unajua atarudi wapi."

Siku moja Veneranda akamwambia, "Mpe simu niongee naye." Fidèle akasogeza simu. Veneranda akaomba. Alimwita mama, alimwita bibi, alimsihi kwa jina la kila aliyemzaa, amruhusu mume wake arudi, ana mtoto, ana kazi, hana kosa. Upande wa pili ilisikika pumzi tu. Ndefu. Halafu ile sauti ya mlangoni ikasema:

"Hujaniamkia."

Simu ikakatika. Haikuwaka tena. Polisi walisikiliza, wakaandika. Mtu mzima anasafiri na gari lake, walisema, na mwenyewe alikuwa akipiga nyumbani.

Mwaka ukapita. Christelle akanenepa, akarudia michezo yake, hakumbuki kitu. Siku nyingine alisimama dirishani akiuliza baba atarudi lini, na Veneranda alimjibu, "Akiambiwa."

Oktoba ya 2012, Jumamosi, saa tisa alasiri. Veneranda alikuwa anakunja nguo. Alipopita dirishani akaliona. Gari lao. Liko pale pale lilipokuwa likiegeshwa, lina tope mpaka vioo. Moyo ulimruka akataka kupiga kelele za furaha. Akaangalia vizuri.

Lilikuwa limeinama.

Akalitazama hivyo hivyo, nguo mkononi. Taratibu gari likanyooka. Mlango wa ngazi, chini, ukafunguka na kujifunga. Hatua zikaanza kupanda. Alizijua zile hatua. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Zikasimama nje ya mlango wake.

Kugonga mara mbili.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Fidèle. Sauti yake mwenyewe, imechoka, imekauka. Lakini Fidèle alikuwa na funguo, na hakuna mtu anayebisha hodi nyumbani kwake.

"Pappa!" Christelle alitoka chumbani mbio. Veneranda alimdaka kiunoni, akamziba mdomo, wakaanguka chini wote wawili. Mtoto alirusha mateke, akamng'ata mkono. Hakumwachia.

"Hodi, Vene. Nimechoka. Fungua."

Alitaka kufungua. Mjue hivyo, maana wako waliomsema. Mwaka mzima alilala upande mmoja wa kitanda, ule mwingine akiutandika kila asubuhi. Alitambaa hadi mlangoni, mtoto kifuani, akaweka paji la uso kwenye ubao. Alisikia pumzi upande wa pili. Akanusa shati lake.

"Fidèle," akanong'ona. "Alikuambia urudi?"

Kimya.

"Nijibu, baba Christelle. Nakuomba. Alikuambia?"

Hapo yule mwanamume akalia. Alilia kwa sauti ya chini, ya mtu anayejua kinachofuata.

"Bado," akasema.

Veneranda alikaa pale chini, mkono kwenye mdomo wa mwanawe na meno ameyauma, ili lile neno moja lisimtoke. Nje walibisha tena. Walibisha mara nyingi, kwa upole. Halafu hatua zikashuka ngazi. Alizihesabu, na zilikuwa za watu wawili.

Alifungua mlango saa kumi na mbili, baada ya Pélagie kufika. Chini, pa kuegeshea palikuwa patupu, na lami ilikuwa kavu, bila alama hata moja ya tope. Kizingitini, juu ya zulia la kufutia miguu, palikuwa na mwiko wa mninga, ule aliouacha garini. Ulikuwa na ugali, nao ulikuwa bado unatoa mvuke.