Kiti cha Mgeni wa Mbali

Maji katika glasi iliyowekwa mbele ya kiti cha mgeni yalikuwa yamepungua robo nzima, na ukumbi ulikuwa umefungwa tangu jana.

Katibu ndiye aliyeliona hilo. Alikuwa mwalimu wa fizikia, mama wa makamo mwenye kalamu tatu kifuani, na kwa miaka tisa funguo za kongamano la wapenzi wa hadithi za kisayansi zilikaa mkobani mwake. Glasi hiyo aliijaza mwenyewe jioni, hadi ukingoni. Aliitazama, akainusa hewa iliyoizunguka, akasikia harufu ya bati la moto lililonyeshewa mvua. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili. Alijiambia kwamba joto ni joto na maji hukauka, akaongeza mengine, kisha akaenda kufungua mlango, maana watu walikuwa wameshaanza kugonga.

Walikuwa kama watu themanini. Kila mwaka, wanafunzi wa chuo cha ufundi wakiwa likizoni, ukumbi wao ulikuwa mali ya watu hawa kwa siku tatu. Walikuja na mavazi waliyoyashona mwaka mzima: mabomba ya plastiki yaliyogeuzwa mikono, ndoo zilizogeuzwa kofia za anga, masanduku yaliyofunikwa karatasi za kung'aa. Walibadilishana magazeti yaliyochakaa kwa kusomwa. Walibishana hadi mate yakauka iwapo kiumbe cha mvuke kinaweza kupenda. Mtengeneza majokofu mmoja alikuwa amevaa vazi lilelile la roboti kwa miaka kumi na mmoja, kichwa hakivui hata akinywa chai. Hunywa kwa mrija. Wote walimwita Roboti, na hakuna aliyeijua sura yake.

Miongoni mwao alikuwapo Fundi Saa. Mjini alikuwa mtu wa kibanda cha hatua mbili kwa tatu, mwenye kioo cha jicho na mgongo uliopinda, ambaye wateja walimkumbuka saa zao zikisimama tu. Hapa ukumbini alikuwa Mtunga Majina. Ndiye aliyempa jina mgeni wa mbali.

Huo ndio uliokuwa utaratibu wao wa siku ya kwanza. Juu ya jukwaa huwekwa kiti kitupu chenye kitambaa cha buluu na glasi ya maji, kwa ajili ya mgeni kutoka nyota nyingine. Mtunga Majina hulitangaza jina la mgeni huyo. Umati hulitamka mara tatu, kisha wote husema kwa pamoja, "Karibu, kiti ni chako." Baada ya hapo mtu aliyejificha nyuma ya pazia huwajibu maswali kwa kipaza sauti, kana kwamba ndiye mgeni. Walicheka sana katika saa hiyo, na wengine walikuja kwa ajili yake tu.

Mwaka huu, mtu wa nyuma ya pazia alikuwa binti wa Fundi, msichana wa miaka kumi na minane waliyemwita Roketi, kwa kuwa alisema haraka na hakurudi nyuma.

Tatizo la Fundi lilikuwa moja. Kichwa chake kilikuwa kimekauka, majina hayakumjia tena. Miaka miwili nyuma mteja aliacha saa kubwa ya ukutani na hakurudi tena kuichukua, na ndani ya sanduku la saa hiyo Fundi alikuta karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye majina mawili kwa wino mwekundu. Yalikuwa majina ya ajabu, mazito mdomoni. La kwanza alilitumia mwaka jana, na watu walisimama wakapiga makofi mpaka Katibu akamtengenezea beji ya shaba: Mtunga Majina wa Kudumu. Jina hilo halikuleta shida yoyote. Basi mwaka huu akachukua la pili.

Majina hayo hayataandikwa hapa.

"Unayatoa wapi, Fundi?" aliuliza Roboti kutoka ndani ya sanduku lake, jina lilipokwisha kutangazwa.

"Nimelitunga mwenyewe," alisema Fundi, beji ikimng'aa kifuani. "Ni kama mwanangu wa kumzaa."

Wakalitamka mara tatu. Wakamkaribisha. Kiti kikalia kidogo, kama kiti kinavyolia mtu akijiweka sawa, na waliokaa mbele wakacheka.

"Mgeni," alianza Roboti, "huko kwenu mnakula nini?"

"Harufu," ilijibu sauti ya Roketi kwenye spika.

"Basi karibu kwenye soksi zangu. Umesafiri muda gani?"

"Sikusafiri. Nilikuwa nimekunjwa."

Ukumbi ulicheka. Fundi hakucheka. Hakuwa amemwambia mwanawe habari za ile karatasi, wala mtu mwingine yeyote.

"Umekuja peke yako?" aliuliza Katibu, kalamu mkononi, maana aliandika kila kitu.

"Ndugu yangu alitangulia mwaka jana. Yuko nyumbani kwa baba."

"Na baba ni nani?"

"Aliyesema sisi ni wake."

Watu wote wakamgeukia Fundi na kumpigia makofi. Makofi hayo yalikuwa bado hayajaisha wakati mlango wa pembeni ulipofunguliwa, ule wa kutokea vyumba vya kubadilishia nguo, na Roketi akaingia mbio, kofia ya anga kwapani, jasho usoni, vazi lake la fedha likiwa limefungwa nusu mgongoni, akasimama katikati ya njia akimtazama baba yake kwa macho ya mtu aliyechelewa na anayetaka kuomba radhi, akafungua kinywa, midomo ikacheza, na hakuna kilichotoka, ila kwenye spika, kule jukwaani, sauti yake ikasema kwa upole, "Samahani baba, zipu ilikwama."

Wachache wakapiga makofi, wakidhani ni ufundi mpya. Kisha wakaacha.

Roketi alijaribu tena. Alishika koo kwa mkono wa kulia, akakaza macho, na spika ikasema, "Baba, kuna nini?" Katibu akang'oa waya ukutani, akabaki ameushika mkononi kama mkia wa kitu kilichokufa, na sauti ikaendelea kumwita baba, sasa haitoki kwenye spika bali juu ya kitambaa cha buluu, mahali ambapo kichwa cha mtu aliyekaa kingekuwa, na ile harufu ya bati na mvua ikashuka kutoka jukwaani safu kwa safu, ikapita juu ya ndoo na masanduku na karatasi za kung'aa, mpaka watu wa nyuma kabisa wakaanza kufunika pua zao. Roboti alichungulia nyuma ya pazia. Palikuwa na meza, na kipaza sauti juu yake, swichi imezimwa, kimelowa umande.

Daktari alimulika koo la Roketi asubuhi ya pili. "Koo ni zima," alisema. "Huyu ni mzima kuliko mimi." Mchana kutwa msichana alikaa karibu na baba yake, na kila alipotaka kusema neno aliweka mkono shingoni, na huo ukawa usemi wake. Ukumbini, aliyepita mlangoni alisikia sauti ya msichana ikicheka kwenye kile kiti kitupu.

Siku ya tatu Fundi alimwita shangazi yake. Kwa miaka yote alikuwa amemficha, kwa sababu shangazi aliwatibu watu wenye mashetani, na Fundi, mbele ya wenzake, alikuwa mtu wa sayansi. Shangazi alifika ukumbini kabla ya adhuhuri, mwanamke mdogo wa umbo aliyejifunga shuka jeupe, kikapu kwapani, fimbo yenye kengele mkononi. Kijana mmoja mwenye antena akamsogelea kwa heshima.

"Shikamoo mama. Vazi hilo ni la sayari gani?"

"Marahaba. Ni la dada wa baba yake huyu," alisema, akimwonyesha Fundi kwa fimbo. "Na wewe hizo pembe, mama yako anazijua?"

Wakaketi pembeni, nyuma ya rundo la viti. Fundi akaeleza kwa sauti ya chini, akaeleza habari za saa na karatasi.

"Kumwita si hoja," alinong'ona shangazi. "Wanaitwa kila siku na hawaji. Lakini wewe ulisema ni mwanao. Mtoto ana haki katika nyumba. Amechukua sehemu yake."

"Nilikuwa natania tu, shangazi."

"Kwa nini hukusema umeliokota?"

Fundi alitazama mikono yake. "Mwaka una siku nyingi," alisema. "Hapa ndipo wananipigia makofi."

Shangazi hakumcheka. "Mgeni aliyekaribishwa na wengi haondoki kwa kauli ya mmoja. Wakusanye wote. Umkane mbele yao, useme ulikomtoa, nao wamuage mara tatu. Lakini ukane kila ulichochukua. Ni jina hilo tu?"

Beji ya shaba ilikuwa imeshikamana na shati. Fundi aliigusa. La mwaka jana lilikuwa limekaa kimya mwaka mzima. Kwa nini aliamshe?

"Ni hilo tu."

Shangazi alikiokota kikapu chake. "Haya. Kinywa ni chako."

Watu themanini walisimama mbele ya kiti. Kengele ya fimbo ililia mara moja, na Fundi akapanda jukwaani, ile harufu ikimwingia mpaka akaonja kutu, na sauti ya mwanawe ikimwambia karibu na sikio, polepole, kama alivyokuwa akiomba alipokuwa mdogo asiachwe gizani, "Baba, usinikane, baba, ulisema mimi ni wako, uliwaambia watu wote, baba," naye akafumba macho na kusema kwa nguvu kwamba jina hili si lake, hakulitunga, aliliokota ndani ya saa ya mtu, aliwadanganya.

Katibu aliiweka kalamu chini. Na Roboti, taratibu, akakivua kichwa cha sanduku. Ndani yake mlikuwa na mzee mwenye mvi, macho yake yamelowa.

"Kwaheri, mgeni," alianza mzee huyo, na wote wakafuata, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kiti kikalia kama mtu aliyeinuka. Maji ya glasi yakaisha, yote, bila kumwagika. Mlango wa pembeni ukafunguka, ukajifunga.

Roketi akakohoa. "Baba," alisema, sauti ikikwaruza. "Nina kiu."

Fundi alimkumbatia, akalia mbele ya watu. Hakuna aliyemvua beji. Katibu tu, akikunja kitambaa cha buluu, alimwuliza kwa upole, "Na lile la mwaka jana, Fundi? Lile lilikuwa lako?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Fundi alivuta pumzi.

"Lile ni langu," alisema.

Wiki tatu zilipita. Mchana mmoja Fundi alikuwa kibandani, kioo jichoni, akisafisha saa ya mkono, wakati mteja, mama mwenye mkoba mwekundu, aliposimama mlangoni.

"Hodi, fundi."

Maji katika kikombe cha Fundi yalikuwa yamepungua robo nzima, naye hakuwa ameyagusa. Ukutani, ile saa kubwa iliyolala kwa miaka miwili ilikuwa inapiga, tiki baada ya tiki, na hakukumbuka ilianza lini, na kutoka ndani ya sanduku lake, pamoja na harufu ya bati lililonyeshewa, sauti yake mwenyewe, nzito na ya adabu, ikasema, "Karibu, mama. Kiti ni chako."

Mteja akaketi, akafungua mkoba.

Fundi hakuwa amefungua kinywa. Akakifungua. Midomo ikacheza.

Roketi alikuwa nyuma ya pazia la kibanda, akipanga vipuri. "Baba," aliita, "unaongea na nani?"

"Na mgeni, mwanangu," ilisema saa. "Njoo umwamkie."

Pazia likasogea. Roketi akatokeza kichwa, akitabasamu, akamtazama mteja, kisha akamtazama baba yake. Mkono wa kulia wa Fundi ulikuwa shingoni.