Waya Kwenye Nyasi

Kila jioni, baada ya kuvua sare ya shule na kunywa uji, Jerop aliingia katika ghala la nyasi pale kwa mjomba wake, katika kijiji cha Bahati, na kumchukua Soja. Soja hakuwa mtu. Kilikuwa kifaa cha kutambua chuma, cha zamani kweli kweli, mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mjomba Kipkemei alikinunua kwa muuza vyuma vikuukuu mwaka ule ng'ombe wake alipokufa kwa kumeza kipande cha waya. Tangu hapo, nyasi zote zilipimwa na Soja kabla ya kukatwakatwa. Akikuta waya au msumari alilia "piii!" na Jerop akautoa.

Jerop alimpenda Soja kwa sababu nyumba ile ilikuwa kimya mno. Mama yake alifanya kazi katika shamba la maua kule Kamere, na chumba alichoishi na wafanyakazi wenzake hakikuwa na nafasi ya mtoto. Ndiyo maana alimwacha Jerop kwa kaka yake. Mjomba hakuwa na mke wala watoto. Alitoka alfajiri kwa pikipiki kupeleka maziwa, akarudi amechoka hoi, akauliza, "Uko sawa?" Jerop akajibu, "Niko sawa, Anko," na mazungumzo yakaishia hapo. Shuleni nako alikuwa bado mgeni, na wenzake walikuwa na marafiki wao tangu chekechea. Basi jioni alimsimulia Soja habari zake zote, hata za hesabu zilizomshinda.

Jumatatu moja Soja hakulia. Jerop alimgongagonga, akambadilishia betri. Akafukia kijiko chini ya nyasi na kumpitisha juu yake. Kimya.

Kama mtu aliyeambiwa, Mjomba aliuliza jioni ile ile, "Jerop, naona Soja amezeeka. Wewe ndiye unamtumia kila siku. Tumpeleke kwa fundi, ama bado anafanya kazi?"

"Fundi yuko wapi, Anko?"

"Nakuru mjini. Anapatikana Jumamosi pekee."

Jumamosi ndiyo siku ambayo Mjomba aliahidi kumpeleka Kamere. Mama alikuwa amepata ruhusa siku hiyo moja tu, na Jerop hakuwa amemwona tangu shule zifunguliwe.

"Bado anafanya kazi," alisema. "Analia vizuri tu."

Ulikuwa uongo mtupu, na ulimkereketa. Ili kuutuliza moyo, alianza kukagua nyasi kwa vidole, konzi moja baada ya nyingine, mpaka mikono ikachubuka. Akapata kipande cha waya, akajipongeza. Masikini, hakujua kwamba kulikuwa na kingine.

Alhamisi asubuhi Chelel, ng'ombe ambaye maziwa yake, kuliko ya wenzake, ndiyo yaliyoendesha nyumba ile, aligoma kula. Alisimama amekunja mgongo, akiguna kila alipojaribu kupiga hatua. Mjomba alimwita daktari wa mifugo, Bwana Thuo.

"Inaweza kuwa tumbo limevurugika," daktari alisema baada ya kumpapasa. "Ama amemeza chuma?"

"Chuma hapana, Daktari," Mjomba alijibu upesi. "Nyasi yetu inapimwa kila siku. Huyu msichana wangu hana mchezo na kazi."

"Sawa. Basi nimpe dawa ya tumbo, halafu tuangalie mpaka Jumatatu."

Msichana wangu! Hapo Bahati, hakuna aliyewahi kumwita wake. Akisema ukweli, Mjomba angemchukia, na safari ya Kamere ndiyo basi tena. Akinyamaza, Chelel angekufa akitibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Alimtazama ng'ombe yule akitetemeka, machozi yakamtoka.

"Anko, nilikudanganya. Soja halii tangu Jumatatu. Nimekuwa nikikagua kwa mikono."

Bwana Thuo aliiweka chini chupa ya dawa. Alimsukuma Chelel kwa ngumi chini ya kifua, na Chelel akaguna kwa uchungu. "Ni waya," alisema. "Umefanya vizuri kusema. Tungengoja, waya huo ungemchoma moyo."

Alimmezesha Chelel sumaku ili ikaushike waya tumboni, akamdunga sindano, akaagiza asimamishwe penye mwinuko, miguu ya mbele ikiwa juu kuliko ya nyuma, ili waya usisogee kuelekea moyoni. Mjomba alimsaidia bila kumtazama Jerop.

Jumamosi hawakwenda Kamere. Walikwenda kwa fundi, ambaye aliufungua mpini na kukuta waya wa umeme umekatika ndani. Akauunga, na Soja akalia. Jerop hata hakutabasamu.

Waliporudi walimkuta Chelel akitafuna nyasi polepole. Mjomba aliingia ghalani na Jerop, akaketi juu ya robota la nyasi.

"Sasa niambie. Kwa nini ulinidanganya?"

"Nilitaka kumwona mama," Jerop alisema kwa kwikwi. "Huwa ninalia humu ghalani. Hapa sina mtu wa kuongea naye."

Mjomba alijifuta uso kwa kiganja. "Na kila siku nikikuuliza, unasema uko sawa."

"Ndiyo, Anko."

"Huo pia ulikuwa uongo, na ndio ulioanza. Ungeniambia una hamu ya mama, tungeenda Kamere, na nyasi tungekagua sisi wawili mpaka fundi apatikane. Ukificha ubovu wa chombo, ng'ombe anaumia. Ukificha uchungu wako, unaumia wewe. Ukweli useme mapema, mwanangu, hata kama unaogopa. Mama yako akipata ruhusa tena, tutaenda, hata kama ni siku ya kazi. Na mimi nina kosa langu. Nilikuwa nikikuuliza huku nikiondoka." Alisogea, akampa nafasi kando yake. "Leo siendi popote. Haya, niambie."

Jerop aliketi. Alianza na siku yake ya kwanza shuleni, na Mjomba hakuinuka mpaka ng'ombe walipoanza kulia wakitaka kukamuliwa.