Pakiti Zisizo na Maneno

Kazi za asubuhi za Naomi hazikubadilika. Alifagia uwanja, akachota maji, na kama mvua ilikuwa imekatika, aliitandaza kakao kwenye mkeka ipate jua. Baada ya hapo alinawa, akavaa sare ya shule, akaenda kupiga goti mbele ya baba yake amwamkie kwa lugha ya nyumbani.

"Mugonile, tata."

"Ndaga, mwanangu. Ugonile."

Mzee Lameck hakuwahi kuimaliza salamu hiyo bila kukohoa. Alikohoa akiwa ameinama, mkono mmoja kifuani, mpaka machozi yakamlengalenga. Alipotulia alimtuma binti yake jambo lile lile la kila siku.

"Haya, kimbia kwa Bi Mwanaheri, niletee sigara."

Pale kijijini Ipyana hakuna mkulima aliyenunua pakiti nzima. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kakao walipishana barabarani na madukani kulijaa vitenge, betri na sabuni za kila rangi, lakini mifuko ya watu ilikuwa ile ile. Kwa hiyo sigara ziliuzwa mojamoja. Bi Mwanaheri, ambaye babu yake alitoka pwani na kuanzisha duka lile, alizipasua pakiti asubuhi, akazisimamisha sigara ndani ya glasi juu ya meza, na pakiti tupu akazitupia uani zichomwe pamoja na takataka. Wavutaji wa Ipyana walizijua sigara zao kwa ladha. Sura ya pakiti hawakuijua.

Siku moja Naomi alikuta glasi ni tupu. Pakiti iliyokuwa imefunguliwa ilibakiwa na sigara chache tu, naye Bi Mwanaheri, aliyekuwa na wateja wengi, akamkabidhi zikiwa ndani ya pakiti yake. Naomi alikuwa darasa la sita na alikuwa na ugonjwa wa kusoma kila kilichoandikwa, kuanzia magunia ya mbolea hadi vibao vya makaburi. Alifika nyumbani akiwa ameshaisoma pande zote.

"Tata, kumbe hapa pameandikwa," alisema, akasoma kwa sauti ya darasani. "Onyo. Uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako."

Baba yake alishusha jembe. "Rudia."

Naomi akarudia.

"Afya ya nani?"

"Yako, tata. Wamesema yako."

Mzee Lameck aliichukua pakiti, akaigeuza, akayapapasa yale maneno kwa kidole gumba. Alikuwa mtu wa kuheshimu maandishi. "Nimevuta tangu ujana wangu," alisema. "Mbona hawakuniambia?"

"Walikuambia, tata. Maneno yalikuwa yanabaki dukani."

Mama Naomi, aliyekuwa akimenya ndizi karibu na mlango, aliacha kumenya. Alikuwa amelisema jambo hilo kwa miaka na hakuna aliyemsikiliza.

Jambo la ajabu ni kwamba Mzee Lameck aliamini. Alizifukia sigara zile kwenye shimo la taka na akakaa siku kadhaa bila kuvuta. Zilikuwa siku ngumu kwa kila kiumbe cha nyumba ile. Aligombeza watoto, akagombeza mbuzi, akaigombeza hata redio. Usingizi ulimkimbia. Naomi alimwonea huruma na kila siku aliomba Mungu amsaidie baba yake apate nafuu.

Nafuu ikaja kwa baiskeli. Hezroni, jirani yao, alikuwa akibeba mizigo ya wafanyabiashara kati ya Kyela na mpakani Kasumulu. Alipita kuwasalimia, akamwona rafiki yake alivyonyong'onyea, akatoa mfukoni pakiti nyeupe yenye picha ya ndege.

"Hizi zimevuka mto kutoka nchi jirani," alisema. "Huko mpakani zimejaa, pakiti nzima kwa bei ya kutupa."

Mzee Lameck hakuipokea. "Mpe Naomi kwanza. Naomi, soma."

Naomi aliikagua mbele, nyuma, ubavuni, akafungua na kifuniko. "Kuna jina na ndege, tata. Maneno ya onyo hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa."

Uso wa baba yake ulifunguka. "Mnakumbuka bwana shamba alivyotufundisha?" aliuliza. "Alishika kopo la dawa ya wadudu, akasema tusome kabla ya kutumia, maana chenye sumu huwa kimeandikwa. Dawa ya panya imeandikwa. Chumvi je? Nani aliwahi kuona onyo kwenye chumvi?"

Msomaji, usiwacheke upesi. Bwana shamba alikuwa amesema kweli kuhusu makopo yake, na Mzee Lameck alikuwa mwanafunzi wake mzuri kuliko wote. Aliyesikiliza kwa makini ndiye aliyepotea. Naye Naomi alifurahi mno, maana aliona maombi yake yamejibiwa.

Tangu siku hiyo akawa mkaguzi. Hezroni alileta pakiti, Naomi akazisoma, na kama hazikuwa na maneno aliziruhusu. Habari zilienea. Jumapili baada ya ibada wanaume walimsubiri nje ya kanisa, watu wazima wenye ndevu, kila mmoja na pakiti yake mkononi, wakimwuliza mtoto wa darasa la sita kama wavute au wasivute. Naomi alizipokea kwa mikono miwili, akazisoma polepole ili awapendeze, akatamka, "Hii ni salama." Walimwambia ndaga fijo, asante sana, nao walimaanisha.

Mtu mmoja tu alimpinga. "Mwanangu," Bi Mwanaheri alimwambia alipokwenda kununua mafuta ya taa, "tumbaku ni tumbaku. Iwe ya kwangu, iwe ya huko mpakani. Usiwadanganye wazee wa watu."

"Ndiyo, Bibi," Naomi alijibu kwa adabu. Moyoni alisema, anasikitikia wateja wake waliohama. Ni kweli Bi Mwanaheri alikuwa amepoteza wateja, na kwa sababu hiyo maneno yake hayakuwa na thamani mbele ya mtu yeyote.

Mzee Lameck sasa alivuta bila woga. Zamani alivuta akijua mkewe ananung'unika. Sasa alivuta kama mtu mwenye cheti. Kikohozi kilizidi. Akasema ni vumbi la mpunga, na baadaye akasema ni baridi inayoshuka kutoka milimani. Naomi alianza kumsikia akivuta pumzi hata akiwa ameketi, sauti nyembamba kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Alizisoma tena pakiti zote zilizokuwa ndani, moja baada ya nyingine. Hakukuwa na maneno.

Wakati wa mavuno, baba alijitwisha gunia la mpunga kama alivyofanya kila mwaka. Hakufika kwenye ukingo wa shamba. Gunia lilianguka upande mmoja naye upande mwingine, akabaki amepiga magoti, mdomo wazi, akitafuta hewa shambani, mahali palipojaa upepo. Midomo yake ilibadilika rangi. Mama alimpepea kwa kanga. Naomi alisimama pale na mundu mkononi, hajui amshike wapi. Alitamani kuwe na kitu cha kusoma kitakachomwambia la kufanya.

Hezroni alimbeba kwa baiskeli mpaka hospitalini Kyela, mama akimshikilia nyuma, Naomi akikimbia. Daktari Hanifa, mama mmoja mpole mwenye ushungi mweupe, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, mgongoni na mbele, akamwuliza maswali machache. Kisha akawaita Naomi na mama yake pembeni.

"Mapafu yake yamechakaa," alisema. "Ni moshi wa miaka mingi."

"Dawa ipo, Daktari?" mama aliuliza.

"Ya kupunguza kubanwa ipo, nitampa. Ya kumrudishia mapafu aliyokuwa nayo, mama yangu, hakuna. Akiacha leo, kilichobaki kitamtunza. Akiendelea, hata hicho kitakwisha."

Mama aliketi kwenye benchi. Naomi akamsogelea daktari. "Lakini hazikuwa na maneno!" alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Zenye maneno aliacha. Hizi nilizikagua mimi mwenyewe, Daktari. Zote. Niliwaambia ni salama!" Akaanza kulia.

Daktari Hanifa alimwacha alie kwanza. Kisha akachuchumaa mbele yake.

"Naomi, nisikilize. Karatasi haivutwi. Kinachovutwa ni tumbaku iliyo ndani. Moshi ulikuwa hatari kabla mtu hajaandika chochote, na maneno yamewekwa ili watu wajue. Asipoyaweka mtu, hatari haiondoki. Ni wewe tu ambaye hukuambiwa."

"Kwa nini hawakuyaweka?"

"Wenye viwanda vya hapa wanaandika kwa sababu wanalazimishwa. Zile zinazovushwa kwa njia za panya nani atazilazimisha? Anayeziuza anataka ziishe, basi."

Naomi akajifuta kamasi. "Na zenye maneno, kama wanajua ni hatari, mbona zinauzwa?"

Daktari alisimama. "Hilo hata mimi huwa najiuliza," alisema.

Mzee Lameck aliruhusiwa kurudi nyumbani, na sigara aliziacha. Safari hii hakugombeza mtu. Hakuwa na pumzi za kugombezea. Mpunga ulivunwa na mama, Naomi na majirani. Yeye aliwekewa kiti barazani, karibu na nguzo. Jioni moja Naomi aliketi miguuni pake.

"Tata, nisamehe. Mimi ndiye niliyesema ni salama."

"Wewe ulisoma," baba alijibu, akipumzika kati ya neno na neno. "Ulisoma vizuri. Mimi ndiye niliyetaka... kusikia hivyo. Mtu mzima... nikampa mtoto kazi ya kuniruhusu."

Naomi alikwenda kwa wale wote aliowakagulia pakiti, nyumba kwa nyumba, akawaeleza alivyoelezwa na daktari. Walimsikiliza. Wengine walimsifu kwa kuwa na moyo, huku moshi ukiwatoka puani. Mmoja alimwambia kwamba baba yake amerogwa tu. Bi Mwanaheri alimpa pole ya kweli, lakini glasi yake ilikuwa bado mezani, imejaa. Naomi alirudi nyumbani amechoka, akamwambia mama yake kwamba watu walimwamini alipokosea, na sasa anaposema kweli hawamwamini. Mama alimkumbatia.

Hezroni alikuja Jumamosi kumjulia hali rafiki yake. Akiwa anasogeza stuli, pakiti yenye ndege ilimchungulia mfukoni.

"Mzee Hezroni, bado unavuta?" Naomi aliuliza.

"Ah, kidogo tu. Hizi hazina maneno, wewe mwenyewe ulisema."

"Nilikosea. Nimeshakuambia nilikosea!"

"Sasa mimi nitajuaje?" Hezroni alicheka kwa aibu. "Hapa pakiti imenyamaza."

Mzee Lameck alishika mikono ya kiti, akajisukuma, akasimama. Mama alitaka kumzuia, akamkataza kwa kichwa. Akaanza kutembea kuelekea kwenye mkeka wa kakao, umbali ambao kuku huuvuka kwa mruko mmoja. Alipofika kwenye nguzo akaikumbatia. Mabega yalipanda na kushuka, mishipa ya shingo ikamtoka, na ile sauti ya pampu iliyotoboka ikajaa baraza lote. Hezroni aliacha kucheka.

"Hezroni," alisema alipoweza. "Kama pakiti imenyamaza... nisome mimi. Mwili hausubiri... kuandikiwa. Ukijua kitu kinaua... usitafute karatasi ya kukuruhusu."

Hezroni alisogeza stuli pembeni. Kisha akatoa pakiti mfukoni, akampa Naomi. Naomi hakuigeuza kutafuta maneno. Alikwenda nayo moja kwa moja hadi chooni, akaitumbukiza.

Aliporudi alimkuta baba bado ameishika nguzo, akisubiri pumzi ya kumrudisha kwenye kiti.