Mzunguko wa Bibi

Shuleni walinibandika jina la Redio wiki ya kwanza tu ya kidato cha kwanza, na sikulalamika, maana ni kweli. Nikiamka naongea, nikifagia darasa naongea, nikiwa na maji ya kusukutua mdomoni bado najaribu. Mwalimu wetu wa michezo, mama mmoja mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi, alijitahidi kunitafutia nafasi katika kila timu. Kwenye mpira wa pete nilikuwa nikimweleza mpinzani jinsi nitakavyomnyang'anya mpira, naye akanipita. Kwenye mpira wa wavu nilisimama kumsifu mwenzangu kwa pasi yake nzuri, na pasi yenyewe ikanitua utosini. Mwishowe Mwalimu alinikabidhi kazi ya kuhesabu mizunguko, akidhani kukaa chini kutanituliza.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Uwanja tunaoshindania ni mdogo, kwa hiyo mbio za mita elfu tatu ni mizunguko kumi kamili. Wakimbiaji ni wengi, na wakishatawanyika hujui nani yuko mbele na nani amezungukwa. Ndiyo maana kila mkimbiaji huwa na mwenzake wa kumhesabia, ambaye hukaa kwenye benchi karibu na mstari wa mwisho akiwa na makopo mawili na kokoto kumi. Mkimbiaji akipita, unatoa kokoto moja kopo la kushoto na kuitia la kulia. Ikibaki moja, unainua bendera nyekundu ili ajue huo ndio mzunguko wa mwisho. Ikitoka hiyo nayo, unanyoosha mkono, na waamuzi wanaandika namba yake.

Mkimbiaji wangu alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, tuliyemwita Dizeli kwa sababu huchelewa kupata moto, lakini akishapata hazimiki. Kila jioni baada ya masomo alikuwa akizunguka uwanja wa shule kwa mwendo uleule, huku mimi nikiwa kando na makopo yangu. Yeye naye alikuwa na hesabu yake kichwani. Kwao wanaishi watu kumi bila yeye, na kila mzunguko aliukimbia kwa ajili ya mtu mmoja. Alianza na mama, kisha baba, kaka, wifi, mapacha wawili, shangazi, mjomba na mtoto mchanga. Wa mwisho alikuwa bibi yake, kwa sababu Bibi ndiye aliyemwambia kwamba miguu yake ni mizuri.

Msimu ule shule yetu ilikuwa na homa. Shule nne hushindana tangu muhula wa kwanza katika mpira wa miguu, wa pete, wa wavu na riadha, alama zinajumlishwa, na mwenye nyingi anachukua kombe. Sisi hatukuwa tumeligusa tangu nywele za mkuu wetu wa shule zilipokuwa nyeusi. Shule ya ng'ambo ya reli ilikuwa imelichukua mara nyingi mno, hata tulisikia kwamba wanalitumia kuzuia mlango wa ofisi usijifunge. Lakini mwaka ule wavulana wetu walicheza mechi kumi na moja wakapoteza moja tu, wasichana wa mpira wa pete wakafika fainali, na Jumamosi ya mwisho zikabaki mbio moja tu, za wasichana, mita elfu tatu.

Nitakuepusha na hesabu ndefu. Tukipata mtu mmoja ndani ya watatu wa kwanza, kombe ni letu. Tusipompata, linarudi kwenye mlango wake.

Matumaini yalikuwa madogo. Mkimbiaji wetu hodari alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, naye alikaa kwenye nyasi akiwa na bendeji huku akituombea. Kwa Dizeli hakuna aliyetarajia kitu zaidi ya kumaliza.

Mbio zilianza vizuri. Mama alipita, nikatia kokoto. Baba akapita, kaka, wifi. Dizeli alikuwa ndiyo anapata moto wakati nahodha wa mpira wa miguu alipokuja kwenye benchi langu. Tulimwita Waziri, kwa sababu hutembea amefunga mikono mgongoni kama mtu aliyekuja kukagua barabara.

"Redio, hebu nieleweshe jamani," alisema. "Tukipata wa nne je, hatuwezi kulingana nao?"

Nani angenyamaza akiulizwa swali kama hilo? Nilimweleza alama za kila timu, tangu mechi ya kwanza, na penalti tuliyonyimwa nikaitia humohumo. Dizeli alipita nikiwa katikati ya maelezo. Waziri alipoondoka, nikautazama mkono wangu. Ulikuwa ndani ya kopo la kushoto, umeshika kokoto.

Hiyo kokoto ilikuwa ya mzunguko uliopita, ambayo bado sijaitia? Au nilikuwa nimeshatia moja nikiongea, na mkono ukarudi wenyewe? Sikujua. Mwalimu alikuwa amesimama hatua kumi tu kutoka pale, ningenyoosha kidole angeniona. Lakini nilijua atakachosema, kwamba nilikuwa naongea tena, na angesema mbele ya wahesabu wote. Nikaitia kokoto katika kopo la kulia. Nilijiambia ni kwa usalama, kana kwamba kosa nalo lina upande ulio salama.

Baada ya hapo nilifunga mdomo na kuhesabu sawasawa. Ikabaki kokoto moja, nikainua bendera, na Dizeli akaniangalia kwa mshangao kabla ya kuongeza mwendo. Kwenye kona ya mwisho wasichana wawili wa ng'ambo ya reli walimpita kwa kasi, wakavuka mstari wakifuatana. Nyuma yao, akipumua kama mvukuto, akavuka Dizeli. Nikanyoosha mkono. Mwamuzi akaandika namba yake nafasi ya tatu.

Upande wetu ulilipuka. Watu waliimba, wakakumbatiana, mkuu wa shule akavua koti akalizungusha hewani. Kamba tu ndiyo iliyowazuia wasiingie uwanjani. Nami nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilifurahi kwa dakika nzima.

Dizeli alikuwa ameketi chini palepale kwenye njia, pembeni. Nikamwendea na kuchuchumaa karibu yake.

"Redio," alisema taratibu, "mbona Bibi bado?"

"Bibi gani tena?"

"Mzunguko wa Bibi. Bendera umeiinua ndiyo kwanza namwanza mtoto mchanga. Nimemaliza wa mtoto, naona watu wanaimba."

Hapo ndipo nilipojua. Kokoto ya Waziri ilikuwa ya ziada. Na jibu lilikuwa limeshanifika mdomoni, maana mdomo wangu haukosi jibu.

"Utakuwa umewachanganya mapacha," nikasema. "Umekimbia mizunguko miwili yote kwa pacha mmoja, kisha ukamkimbilia na wa pili."

Dizeli alifikiri kidogo, akatabasamu. "Labda. Wale hata nyumbani hunichanganya. Na wewe ndiye mwenye kokoto." Akalala chali palepale kwenye njia, akafumba macho, ametulia kabisa.

Angebisha, ningebishana naye, na kubisha nakujua. Lakini alikubali hivihivi, kwa kuwa ni mimi niliyesema. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilikuwa nimemdanganya mtu wa dawati langu kuhusu watu wa nyumba yake.

Nikageuka kutazama uwanja. Walikuwa wamebaki wakimbiaji watatu, na wa nyuma kabisa alikuwa namba kumi na tisa wa shule nyingine, msichana mnene mchangamfu aliyekuwa akiwapungia mkono wanaomshangilia. Alikuwa amebakiza kama nusu mzunguko. Asubuhi mwamuzi mkuu alitusomea kanuni kwamba mkimbiaji wa mwisho akivuka mstari, mbio zimefungwa na daftari halifunguliwi tena. Ningesubiri tu namba kumi na tisa afike. Nisingehitaji hata kusema neno, ningenyamaza tu, na kombe lingekuwa letu.

Nikaenda kwa Mwalimu. Alikuwa akipiga makofi na machozi yakimtoka.

"Mwalimu," nikasema, kisha maneno yakanikauka. Mimi, Redio. Alinitazama mpaka akaacha kupiga makofi.

"Sema."

"Nilipotea kwenye kokoto. Mzunguko wa tano. Nadhani nilitia mbili."

"Unadhani?"

"Dizeli anasema bado mzunguko mmoja. Nimemwambia amekosea yeye, lakini hakukosea. Ni mimi."

Mwalimu hakunikaripia. Alimtazama namba kumi na tisa, akanishika mkono, na tukaenda kwa mwamuzi mkuu tukikimbia nusunusu. Huyu alikuwa mzee mstaafu wa posta, mwenye kofia pana na daftari alilolishika kwa mikono miwili. Nilirudia maneno yangu. Aliniangalia juu ya miwani.

"Una hakika, mjukuu wangu?"

"Ya kokoto sina, Babu. Lakini yeye anayo hakika. Amebakiza Bibi."

"Bibi ameingiaje hapa?"

"Ni hesabu yake," alisema Mwalimu haraka. "Mzee wangu, naiamini."

Mzee alitazama kule Dizeli alikolala. "Ametoka nje ya njia?"

"Hapana, amelala palepale," nikasema.

"Basi mbio zake hazijaisha. Akimbie. Lakini sikilizeni, nikishaifuta hii nafasi ya tatu, nimeifuta."

Mwalimu alivuta pumzi. Nyuma yetu shule nzima ilikuwa ikiimba. "Ifute," akasema.

Nilimrudia Dizeli nikipiga mbio. "Mapacha wako wako sawa," nikamwambia. "Niliyekosea ni mimi, na nilikudanganya. Bado mzunguko mmoja. Ukimbie sasa hivi."

Alifumbua macho, akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. "Si ungesema kabla miguu haijapoa," akasema, akainuka mwenyewe, akaanza kukimbia.

Nyimbo zilikatika moja moja, kama taa zinazozimwa. Watu waliulizana kuna nini. Namba kumi na tisa alivuka mstari, akageuka, akamwona mtu bado yuko uwanjani. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kutokuwa wa mwisho, maana alisimama palepale akaanza kumpigia Dizeli makofi kwa nguvu zake zote. Mwalimu aliwaeleza watu wetu jambo lililotokea kwa sauti moja iliyofika kila kona, na hakulitaja jina langu. Nililitaja mwenyewe. Nilisema, "Ni mimi niliyekosea kuhesabu," nikasikia wengine wakiguna na mmoja akinizomea.

Dizeli hakuharakisha wala hakupunguza. Alikwenda mwendo wake uleule wa jioni zote, mikono karibu na mbavu, midomo ikitikisika kidogo. Alipofika kona ya pili watu wa ng'ambo ya reli walianza kupiga makofi. Kwenye kona ya tatu na sisi tukaanza, kwa shingo upande, kisha kwa moyo. Alivuka mstari akiwa wa ishirini na nne kati ya ishirini na nne, akapata alama moja ya kumaliza, na kombe likaondoka na wenyewe.

Nililia. Nilikaa nyuma ya benchi nikiwa nimejifunika uso kwa sketi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniomba ninyamaze. Nahodha wa mpira wa miguu ndiye aliyenifuata, akasimama mikono mgongoni.

"Mechi kumi na moja, Redio," alisema. "Nimecheza mbili nikiwa na kucha iliyong'oka."

"Najua. Nisamehe, kaka."

Alifungua mikono na kujikuna kichwa. "Ila ni mimi niliyekuja kukuuliza maswali katikati ya mbio. Nimemwambia Mwalimu na hilo." Akanisogezea chupa yake ya maji.

Mwalimu alitukusanya wote kwenye nyasi kabla ya kuondoka, wachezaji wa timu zote, na akakaa chini nasi.

"Sitaki kusikia mtu akimsimanga mwenzake njiani," alisema. "Kila mmoja wetu amewahi kukosea kazi yake msimu huu, hata mimi niliwahi kupanga timu ya mpira wa pete yenye watu wanane uwanjani badala ya saba." Watu walicheka kidogo. Kisha akanigeukia. "Kokoto moja kuzidi ni kosa la sekunde moja, binti. Ungenyoosha mkono palepale ukasema, 'Mwalimu, sijui nimefika ngapi,' tungehesabu na mwenzako wa jirani, na Dizeli angekimbia mbio zake bila kukatizwa. Kosa lako kubwa ni kwamba ulijua hujui, ukanyamaza, ukalibeba mizunguko minne. Neno 'sijui' halimvunjii mtu heshima. Lakini leo uliutua mzigo huo wakati bado kulikuwa na nafasi ya kurekebisha, tena kwa hasara yetu sote, na kwa hilo nakupongeza mbele yao. Kombe tutalitafuta mwakani, na tukilipata nataka tuweze kulitazama."

Nilitikisa kichwa kukubali. Mwalimu alitoa kalamu na karatasi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupoteza muda, na mazoezi ya msimu mpya yalikuwa yanaanza baada ya likizo.

"Dizeli, mwakani utakimbia tena?"

"Nitakimbia."

"Nani atakuhesabia?"

Nilitazama chini. Wasichana watatu waliokaa karibu walinyoosha mikono, wote watulivu, wote makini, mmoja wao wa kwanza darasani katika hisabati.

Dizeli hakuinua hata macho kutoka kwenye kamba ya kiatu aliyokuwa akiifungua. Alinyoosha kidole upande wangu.

"Huyu," alisema. "Hao wengine sijui kama wakikosea wataniambia."